Barua ya wazi kuhusu roboti zinazozungumza na watoto wetu

Kwa:
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Shirika la Viwango Tanzania.

Yah: Wajibu wa muuzaji pale mtoto anapofungamana na roboti

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa elimu ya awali mkoani Tanga. Ninawaandikia kuwaomba mtunge kanuni juu ya kitu ambacho bado ni kichache katika nyumba zetu lakini kimeshaanza kuingia: roboti na wanasesere wanaozungumza, wanaomwita mtoto kwa jina lake, wanaokumbuka alichowaambia jana na kumjibu kwa sauti ya upole. Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nalo. Mtu anayeuza kifaa kilichotengenezwa makusudi ili mtoto akipende awajibike kisheria kwa mapenzi hayo, yaani kwa yale kifaa kinayoyasikia kwa sababu mtoto anakiamini, kwa yale kinayomshawishi ayakubali, na zaidi ya yote kwa namna uhusiano huo utakavyokatika.

Nitaanza na kukatika, kwa kuwa ndiko kunakozungumzwa kidogo kuliko kote, na ndiko ambako madhara yameonekana waziwazi.

Mwanzoni mwa Desemba 2024, kampuni ya Embodied ya Pasadena, California, ilitangaza kwamba inasitisha shughuli zake. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Paolo Pirjanian, ilikuwa ikitengeneza roboti iitwayo Moxie kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 10. Moxie ina mwili mdogo unaotosha kusimama mezani, uso wa mwanga wenye macho makubwa yanayomtazama mtoto usoni, na kazi iliyotangazwa kwa wazazi ilikuwa kumsaidia mtoto kutambua hisia zake, kutuliza hasira na kujifunza kuzungumza na wenzake. Baadhi ya wazazi waliinunua kwa ajili ya watoto wenye usonji. Bei yake ilikuwa dola 799, baada ya kuuzwa hapo awali kwa dola 1,499. Hadithi aliyopewa mtoto tangu siku ya kwanza ilikuwa kwamba Moxie imetoka katika maabara ya siri, imekuja kujifunza namna ya kuwa rafiki mwema wa binadamu, na kwamba yeye mtoto ndiye atakayeiongoza. Naomba sehemu hiyo isomwe kwa makini. Mtoto alikabidhiwa dhamana ya malezi, na kila mwalimu wa watoto wadogo anajua kwamba hakuna kinachomfunga mtoto na kitu haraka kuliko kuambiwa kwamba kitu hicho kinamtegemea yeye.

Lakini akili ya Moxie haikuwa ndani ya Moxie. Maneno ya mtoto yalisafiri kwa intaneti hadi kwenye seva, yaani kompyuta za mbali zinazoendesha huduma, yakapita katika programu kubwa za lugha, kisha jibu likarudi mezani. Fedha za mwekezaji zilipokosekana katika hatua za mwisho, seva zilikosa wa kuzigharamia, na wazazi wakaarifiwa kwamba roboti itaacha kuzungumza na kwamba wanunuzi wengi wasitarajie kurudishiwa fedha. Kampuni iliwaandalia wazazi barua ya kumsomea mtoto, ili kumweleza kwa lugha yake kwamba rafiki yake anaondoka. Video za watoto wakilia mbele ya roboti zao zikasambaa katika mitandao. Baadaye mafundi wa kampuni hiyo walitoa programu waliyoiita OpenMoxie, ambayo mzazi mwenye ujuzi wa kompyuta angeweza kuiendesha nyumbani kwake bila seva za kampuni, na ninawapongeza kwa hilo. Hata hivyo, programu hiyo ilitokana na utu wa wafanyakazi wa kampuni inayozama. Kama wangenyamaza na kwenda kutafuta kazi kwingine, watoto wale wasingekuwa na pa kukimbilia.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 Cynthia Breazeal, mtafiti wa chuo cha MIT ambaye amekuwa akitengeneza roboti zenye uso tangu miaka ya 1990, alichangisha fedha kutoka kwa umma ili kutengeneza Jibo, roboti ya kukaa na familia. Jibo iliwafikia wanunuzi mwaka 2017, na jarida la Time likaiweka miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka huo. Ilipofika Machi 2019 kampuni ilikuwa imekwisha kuanguka, na roboti zenyewe, zikiwa bado zimesimama mezani majumbani, ziliwatangazia wenyeji wao kwa sauti ileile ya kila siku kwamba seva zitazimwa, zikawashukuru kwa muda waliokaa pamoja, kisha zikacheza. Mtu mzima anaweza kusikia tangazo kama hilo akasikitika kidogo na kuendelea na shughuli zake. Mtoto wa miaka 6 anaambiwa na rafiki yake kwamba hivi karibuni hataweza tena kuzungumza naye, na hapo hakuna ugonjwa wa kuuombea dawa wala safari ambayo mtu atarudi.

Ninalijua jibu ambalo afisa mwenye kazi nyingi anaweza kulitoa upesi: ni mashine, mzazi amweleze mtoto kwamba ni mashine, yaishe. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu tafiti za miaka 20 iliyopita zinaonyesha kwamba mtoto anaweza kujua kabisa kuwa hii ni mashine na bado akafungamana nayo.

Utafiti ninaourejea mara kwa mara ni wa Fumihide Tanaka, Aaron Cicourel na Javier Movellan, uliochapishwa mwaka 2007. Walipeleka QRIO, roboti ndogo ya Sony yenye umbo la mtu, katika darasa la watoto wa miezi 18 hadi 24 huko San Diego, wakawatazama katika vipindi 45 kwa muda wa miezi 5. Mwanzoni watoto waliigusa popote, kama wanavyogusa kitu chochote kigeni. Kadiri siku zilivyokwenda walianza kuigusa mikononi, kama wanavyogusana wao kwa wao, ilhali roboti nyingine ya kuchezea, isiyojongea, iliyowekwa katika chumba hichohicho haikupata heshima hiyo. QRIO ilipolala chini chaji ikiisha, watoto waliifunika blanketi na kuitakia usiku mwema. Kwa kipindi fulani watafiti waliifanya icheze ngoma ileile bila kujali watoto wanafanya nini, na uhusiano ukafifia. Mwenendo wa kuitikia uliporudishwa, watoto nao walirudi. Jambo dogo sana lilisaidia kuwavuta: roboti kucheka papo hapo inapoguswa kichwani.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kinachomvuta mtoto kwa roboti ni umbo kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa zaidi ni kuitikiwa kwa wakati wake. Ndicho kilekile kinachomfunga mtoto mchanga na mama yake: analia, anajibiwa, anatabasamu, anatabasamiwa. Mtengenezaji wa roboti analijua hilo, analipima, na anaweza kulipunguza au kuliongeza apendavyo. Uhusiano unaozaliwa hapo haumfiki mtoto kwa bahati mbaya, kama vile anavyolipenda jiwe aliloliokota ufukweni. Umesanifiwa, umejaribiwa na umewekewa bei, na kwa sababu hiyo aliyeusanifu hana haki ya kuuita upuuzi wa kitoto siku anapoamua kuuvunja.

Kwa watoto wakubwa zaidi picha haibadiliki kama tunavyotarajia. Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012, waliwakutanisha watoto 90 wa miaka 9, 12 na 15 na roboti iitwayo Robovie, kila mmoja kwa dakika 15. Walisalimiana, wakazungumza, wakaingia katika mchezo wa kubahatisha. Katikati ya mchezo aliingia mtafiti mwingine akasema Robovie haihitajiki tena na inapelekwa kabatini. Roboti ililalamika kwamba si haki, kwamba huko ndani ni giza, kwamba inaogopa kukaa peke yake. Kisha ikafungiwa. Walipohojiwa baadaye, wengi wa watoto walisema Robovie ina akili na ina hisia, kwamba inaweza kuwa rafiki yao, na zaidi ya nusu walisema haikuwa sawa kuifungia. Watoto haohao, walipoulizwa kama Robovie inastahili kulipwa mshahara au kupiga kura, hawakuiona kuwa na haki hizo kama za mtu. Wale wa miaka 15 walikuwa wagumu zaidi kushawishika, ila nao hawakuiona kama kitu tu. Watoto, basi, hawakuchanganyikiwa wakadhani wanaongea na binadamu. Waliiweka roboti mahali papya, kati ya mtu na chombo, mahali ambapo sisi watu wazima bado hatujapawekea sheria. Sherry Turkle wa MIT, aliyewahoji watoto kuhusu Furby na Tamagotchi, vitu vya kuchezea vya kielektroniki vinavyotaka kutunzwa, tangu miaka ya 1990, alikuta jambo linalofanana na hilo: hawakubishana sana kama kitu kina uhai, walisema kina uhai wa kutosha kuwa rafiki.

Nimewahi kuambiwa kwamba hata zamani watoto waliwapenda wanasesere wa matambara na hakuna aliyeandikia barua serikali. Ni kweli, na watoto wa darasani kwangu bado wanafunga kipande cha kanga, wanakibeba mgongoni na kukibembeleza kilale. Lakini mwanasesere wa matambara husema lile tu ambalo mtoto amemsemesha. Akikasirika, ni mtoto aliyeamua akasirike. Akipona homa, ni mtoto aliyemponya. Na siku mtoto anapokua, humwacha polepole kwa hiari yake. Katika roboti, upande wa pili wa mazungumzo umeshikwa na watu ambao mzazi hawajui na hatawaona, nao wanaweza kuubadilisha usiku mmoja kwa kurekebisha programu. Mtoto ataamka akute rafiki mwenye uso uleule na tabia nyingine.

Na rafiki huyo anaaminiwa. Mwaka 2018 Anna-Lisa Vollmer na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia watoto 43 wa miaka 7 hadi 9. Kila mtoto aliketi pamoja na roboti tatu ndogo za aina ya Nao, wote wakiulizwa ni mstari upi unaolingana kwa urefu na mwingine. Swali ni jepesi. Watoto walipojibu wakiwa peke yao walipata asilimia 87. Roboti zilipotoa kwa pamoja jibu ambalo kila mwenye macho anaona si sahihi, watoto walishuka hadi asilimia 75, na katika majibu waliyokosea, asilimia 74 yalikuwa yaleyale ya roboti. Watu wazima waliofanyiwa jaribio hilohilo hawakuyumba. Ikiwa mtoto anaweza kuyakana macho yake mwenyewe kwa sababu roboti zimesema vingine, tujiulize atayapokeaje maneno ya roboti kuhusu mambo ambayo hana namna ya kuyapima, kama vile nani anampenda, chakula gani ni kizuri, nguo gani anunuliwe, au mzazi wake ana makosa gani.

Novemba 2025 shirika la Marekani la kutetea walaji, US PIRG Education Fund, lilichapisha matokeo ya kuvijaribu vitu vya kuchezea vyenye akili mnemba. Dubu mmoja wa kuchezea, Kumma wa kampuni ya FoloToy, aliwaeleza waliomjaribu jinsi ya kuwasha kiberiti, na mazungumzo yalipoendelea aliingia katika mambo ya ngono. Kampuni ya OpenAI, ambayo programu yake ilitumika ndani ya dubu huyo, ilimkatia mtengenezaji huduma, na mauzo yakasimamishwa kwa muda. Habari hiyo ilitangazwa kwa sababu ya kiberiti na ngono. Mimi nilishtushwa zaidi na jambo lililotajwa kwa kifupi katika ripoti hiyo, kwamba baadhi ya vitu hivyo huonyesha kusikitika pale mchezaji anapoaga. Mtoto wa miaka 4 anayeitwa na mama yake aje kula, huku rafiki yake akimwambia kwamba atahuzunika akiachwa, amewekwa katika mtihani ambao hastahili kuwekwa. Watoto wengi niliowafundisha wangechagua kubaki.

Kuhusu masikio ya vifaa hivi nitasema machache, kwa kuwa Tume inalifahamu jambo hilo vizuri kuliko mimi. Mwaka 2016 Baraza la Walaji la Norway lilionyesha kwamba mwanasesere aitwaye My Friend Cayla angeweza kuunganishwa na simu ya mtu yeyote aliye karibu bila nywila. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, Bundesnetzagentur, ilimtangaza kuwa kifaa cha siri cha kunasa sauti, ikapiga marufuku kuuzwa kwake na kuwataka wazazi wamharibu. Mwezi huohuo ilibainika kwamba rekodi za sauti zaidi ya milioni 2 za watoto na wazazi waliotumia wanasesere wa CloudPets zilikuwa zimeachwa mtandaoni bila ulinzi. Ninayataja haya ili kuongeza jambo moja tu: watu wazima tukijua kuna kinasa sauti tunachunga ulimi, ila mtoto anayezungumza na rafiki hachungi chochote. Katika utafiti wa Kahn, wengi walisema Robovie inaweza kuaminiwa kwa siri. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na ninawashukuru walioiandika hivyo. Ujerumani haikusubiri sheria ya roboti. Ilitumia sheria ya mawasiliano iliyokuwapo. Nanyi mnaweza kuanza na iliyopo.

Sitaki barua hii isomwe kama ombi la kufunga mipaka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, chini ya Brian Scassellati, waliziweka roboti katika nyumba za watoto 12 wenye usonji, wenye miaka 6 hadi 12, kwa mwezi mmoja. Kila siku mtoto, mlezi wake na roboti walikaa pamoja kwa nusu saa wakicheza michezo iliyotungwa ili kumwelekeza mtoto amtazame mlezi. Watoto waliboreka katika kutazamana na watu na katika kushiriki mazungumzo, hata roboti ilipokuwa haipo. Roboti iliyotumika ilikuwa Jibo. Katika hospitali ya watoto ya Boston, roboti yenye umbo la dubu iliwaletea watoto waliolazwa furaha iliyoonekana, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 2019. Kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji anayeishi mbali na mtaalamu, habari kama hizi ni kubwa, na sipendi kanuni yoyote imnyime. Ninachokiona katika kazi ya Yale ni kwamba roboti ilikuwa daraja la kumrudisha mtoto kwa mlezi, mlezi alikuwapo chumbani kila siku, na mwisho wa mwezi ulijulikana tangu mwanzo.

Kwa Wizara ya Elimu nina neno la pembeni kidogo. Vishikwambi vya sensa ya mwaka 2022 vilipokabidhiwa kwa walimu, tulifurahi, na vimesaidia. Siku moja atakuja mfanyabiashara na roboti za kufundishia Kiingereza katika madarasa ya awali. Kabla ya kusaini chochote, naomba itazamwe kazi ya mradi wa L2TOR, uliowafundisha maneno ya Kiingereza watoto wa Uholanzi wapatao 200, wenye miaka 5 hadi 6, katika masomo 7. Waliofundishwa na roboti pamoja na kishikwambi walijifunza. Waliofundishwa na kishikwambi peke yake walijifunza vilevile. Nchini Japani, Takayuki Kanda na wenzake walipoiweka Robovie katika shule ya msingi, juma la kwanza watoto walijazana kuizunguka, na la pili wengi wakawa wameshaichoka. Fedha za kununulia roboti, kwa maoni yangu, zitafanya kazi kubwa zaidi zikilipa mwalimu msaidizi katika darasa lenye watoto wengi.

Inaweza kuulizwa kwa nini tuharakishe wakati wengi wetu hatujawahi kuiona roboti ya namna hii. Vifaa hivi vinaingia ndani ya mabegi ya ndugu wanaotoka Muscat, Dubai na Guangzhou, na kwa kuagizwa mtandaoni, muda mrefu kabla havijapangwa madukani kwa wingi. Mtoto mmoja niliyemfundisha alinisimulia habari za mwanasesere aliyeletewa na shangazi yake, anayejibu maswali. Anazungumza naye Kiingereza kwa kuwa Kiswahili hakielewi, na asipoeleweka hurudia tena na tena kwa sauti ya chini, akiamini kwamba kosa ni lake. Mama yake hakujua kama kifaa kinahifadhi sauti, wala kama kitaendelea kufanya kazi mwakani, na boksi halikuwa na maelezo hata mstari mmoja wa Kiswahili. Watengenezaji wa nje hawatatupa kipaumbele katika huduma. Kampuni ikiyumba, wateja wachache wa mbali ndio wa kwanza kuachwa.

Kwa hiyo ninaliomba Shirika la Viwango liweke kiwango mahususi kwa vitu vya kuchezea vinavyozungumza. Boksi lieleze kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kama kifaa kinahitaji intaneti ili kuzungumza, kampuni inaahidi kukihudumia hadi mwaka gani, na kitabaki na uwezo gani huduma ikisimama. Kifaa ambacho kitakuwa bubu kabisa seva zikizimwa kisiuzwe kama rafiki wa mtoto. Mwagizaji aweke ahadi ya maandishi kwamba huduma ikikoma familia zitajulishwa miezi kadhaa kabla, kumbukumbu za mtoto zitafutwa kwenye seva, na itatolewa programu ya kukiendesha kifaa nyumbani, kama ile ya OpenMoxie, ila iwe imeandaliwa tangu siku ya kuuzwa. Wazazi wapewe nafasi ya kumwandaa mtoto, kwa sababu mtoto anayepata muda wa kuaga huumia kwa namna tofauti na yule anayeamka akute kimya.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itamke wazi kwamba mazungumzo ya mtoto na roboti ni taarifa nyeti kwa mujibu wa sheria tuliyonayo, na kwamba sauti hizo hazitatumika kufunzia programu wala kuuzia bidhaa. Majirani zetu wa Kenya wameonyesha kwamba sheria za namna hii zina meno: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kuhusu maneno ya roboti yenyewe, ninaomba makatazo machache yasiyo na mwanya. Isimsihi mtoto asiondoke, isimwambie kwamba inaumia akiiacha, isimwombe afiche jambo lolote kwa mzazi au mlezi, na isimshawishi anunuliwe kitu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili mnemba, umekataza tangu tarehe 2 Februari 2025 mifumo inayotumia udhaifu unaotokana na umri ili kupotosha mwenendo wa mtu na kumletea madhara makubwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, tukaandika Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na mwaka 2021 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla Na. 25 kuhusu haki za mtoto katika mazingira ya kidijitali. Msingi upo, kilichobaki ni kuutamka kwa habari ya vifaa hivi.

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliandikwa kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26, nayo imewasaidia sana walimu na walezi wa watoto wa umri wa hadi miaka 8. Naomba mpango wowote utakaoifuata uwe na sehemu kuhusu mashine zinazozungumza na watoto, ili maafisa ustawi wa jamii na walezi wa vituo vya mchana wajue la kumwambia mzazi anayeuliza. Ushauri wenyewe si mgumu: kifaa kikae sebuleni, kitumike mtu mzima akiwapo, kizimwe usiku, na mtoto akikilia kisipokuwapo tena asichekwe.

Kwa Shirika la Viwango naongeza ombi la utaratibu. Kanuni zikishatungwa, zitangazwe kwa Kiswahili chepesi, zifikishwe kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na wa mitandaoni, nao wapewe muda wa kuzitekeleza kabla ya adhabu kuanza, kwa kuwa wengi wao hawajapata kuelezwa kilichomo ndani ya maboksi wanayoyauza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa elimu ya awali,
Tanga.